Kilima cha Mabati

Kwa kompyuta, senje wangu alikuwa anaishi juu ya kilima. Mtu yeyote amewahi kwenda kwake Kangemi wakati wa mvua, ameshika ukuta na mkono mmoja na viatu na ule mwingine, anajua hiyo ni uongo. Kwa senje huwa unashuka. Unaacha barabara, unashuka, unapita kwa fundi wa viatu, unashuka tena, na ukianza kusikia mto unajua umefika.

Senje ni dada ya babangu. Ndiye alinilea tangu nikiwa darasa la tatu, na mboga ndio ilinisomesha: saga, managu, mrenda, kila asubuhi sokoni mpaka leo. Pesa ya mboga akajenga nyumba nne za mabati kwa mstari mmoja unaoteremka kwa mto. Tatu za juu amekodisha. Yeye analala ile ya chini kabisa, kwa sababu hakuna mpangaji anataka ya chini kabisa.

Mimi kazi yangu ni kuvunja mabwawa. Si kwa nyundo. Unavunja kwa kompyuta ndio ujue, siku ikivunjika kweli, maji itaenda wapi, itakuwa ya kina gani, na itamkuta nani. Hakuna mtu alinifunza darasani. Nilikuwa nafanya kwa cyber, napiga fotokopi na kujazia watu fomu, na wateja wakiisha nilikuwa naangalia video za maprofesa wa huko nje wakichora mawimbi ubaoni. Hesabu zingine niliangalia mpaka nikaota nazo. Programu yenyewe ni ya bure. Siku moja nikapeleka kazi yangu kwa ofisi moja Hurlingham, vyumba viwili juu ya duka la dawa hapo Argwings Kodhek, kwa injinia mmoja mzee wa kilemba, Mhindi Kalasinga mzaliwa wa Kisumu. Aliangalia, akauliza maswali matatu, akaniambia nikuje Jumatatu. Hakuuliza cheti. Ndio maana mtu akimwongelea vibaya mbele yangu, mimi na yeye tunakosana hapo hapo.

Sasa, kazi yenyewe. Kuna kampuni ilinunua shamba la zamani la kahawa, juu huko kwa bonde, kabla mto ufike Kangemi. Ndani ya shamba kuna bwawa la udongo la wakati wa wazungu, la kumwagilia kahawa. Kahawa iliisha, bwawa likabaki, likajaa. Hiyo kampuni ilikuwa inajenga maghorofa ya kuuza kuzunguka hiyo maji, na kwa matangazo yao walikuwa wanaiita ziwa. Benki ikawaambia: kabla tuwape mkopo mwingine, leteni ripoti. Hiyo ukuta ya udongo ikipasuka, nani anakufa?

Hivi ndivyo unafanya. Unachukua bonde lote unalikata vipande vidogo vya mraba, maelfu na maelfu, na kila kipande unakiandikia urefu wake kutoka usawa wa bahari. Unaambia kompyuta maji ya bwawa iko juu kiasi gani, tundu la ukuta litakuwa pana namna gani, litafunguka haraka namna gani. Halafu unaachilia. Maji inauliza kila kipande: wewe uko chini yangu? Kama ni ndio, inaingia. Inauliza kinachofuata. Hatua ndogo ndogo, hata chini ya sekunde. Ukiwa na haraka ukaipa hatua kubwa inapata wazimu, unapata kipande kimoja kina maji ndefu kuliko ghorofa za tao, katikati ya jiji. Lazima uwe na subira, na mimi subira nimepewa kidogo sana, lakini kwa hiyo kazi huwa nayo.

Niliachilia maji siku ya kwanza, nikaiona inashuka bonde kama ulimi. Ikafika Kangemi. Halafu ikagawanyika. Nusu ikapita kushoto, nusu kulia, na katikati ikaacha kisiwa kikavu. Nikavuta picha karibu. Kisiwa kilikuwa ni kwa senje na majirani wake wote.

Wacha niseme ukweli, nilifurahi. Nilitoka hapo kwa kiti nikaenda kujitengenezea chai. Maji ikichemka ndio nikashtuka. Kilima gani? Mimi nimekimbia hapo nikiwa mtoto, nimeteleza hapo na jerikeni, hakuna kilima hapo.

Nilirudi nikaweka picha ya setilaiti juu ya ile ramani ya urefu. Pembe za kilima zilikuwa ni pembe za paa. Setilaiti iko juu huko, haiwezi kuona chini ya mabati. Inaona paa, inafikiria ni ardhi. Na kwa Kangemi mabati zimeshikana hivi kwamba hata jua haifiki chini, kwa hivyo bonde lote limeinuka kwa urefu wa nyumba. Yaani watu wakizidi kujenga, kilima kinakua. Wakijaa zaidi, ripoti inasema wako salama zaidi.

Nilikaa hapo na kikombe mkononi. Kwa sababu nilijua kitu kingine pia. Mwaka ule wa mafuriko mabaya, kila nyumba iliyosemekana iko karibu na mto ilipakwa alama ya msalaba nyekundu mlangoni, na tingatinga ikakuja. Nimeona mama wa watu akikunja kitanda huku ukuta inalala. Nikirekebisha hii ramani, senje anaingia kwa maji, na ramani yenye senje kwa maji ni rangi nyekundu inangojea brashi. Nikiacha vile iko, hakuna mtu atamgusa. Mpaka siku ile ukuta ya udongo itapasuka.

Nikamwita Injinia.

Alivaa miwani, akainama kwa skrini. Halafu akacheka kidogo kwa pua.

"Hii kilima nani amejenga?"

"Sisi."

"Na nyumba ya senje yako iko wapi?"

Nikamwonyesha na kidole. Akaenda kabatini, akatoa ile darubini yake ya kupimia ardhi ya miguu mitatu, ya tangu akiwa kijana, na ile fimbo ndefu ya rangi nyekundu na nyeupe.

"Setilaiti haioni chini ya mabati," akasema. "Macho yangu inaona. Kesho wewe utashika fimbo."

Hapo ndipo mimi na yeye tulikosea vibaya, na ni kosa la watu wa ofisi. Mimi hasa sikuwa na sababu ya kulifanya, kwa sababu nimetoka hapo. Tulikuja asubuhi na gari yake, tukavaa zile koti zinawakawaka, tukasimamisha darubini kwa kona ya fundi wa viatu, nikashuka na fimbo. Kangemi, mtu na fimbo kama hiyo na koti kama hiyo, hakuna haja ya kujieleza. Ni wao. Wamerudi.

Mlango wa kwanza ulifungwa. Wa pili ukafunguka. Kabla nifike katikati ya ile njia kulikuwa na vijana mbele yangu na wamama nyuma, na mmoja alikuwa ameokota jiwe, hajainua, ameshika tu.

"Niaje, injinia," huyo wa jiwe akasema. "Leo mnapima ya nani?"

"Napima ardhi. Si nyumba."

"Nyumba iko juu ya nini? Hewani?"

Wakacheka, lakini si kicheko ya raha. Mwingine akasema, "Si huyu ni ule msichana wa cyber? Alikuwa ananijazia fomu. Kumbe ulikuwa unaandika pia namba za milango."

Nilihisi kichwa inapata moto. Ningetulia, ningeeleza. Badala yake nikamwambia kama bado hajui kusoma, hata sasa nitamjazia, lakini anipishe. Hiyo ilikuwa mbaya. Jiwe ikapanda mpaka kifuani kwa yule kijana wa kwanza, na nyuma yangu nikasikia Injinia anashuka, pole pole, anashikilia mabati za watu ili asianguke. Mzee wa miaka yake, na viatu za ngozi.

"Mulembe," akasema.

Watu wakamwangalia. Hiyo ni salamu ya nyumbani, ya magharibi, na hakuna aliyeingoja kutoka chini ya hicho kilemba.

"Mulembe muno," sauti moja ikajibu, na nikaijua kabla nigeuke. Senje alikuwa ametoka sokoni mbio, bado na leso ya kazi, kisu ya kukata sukuma mkononi.

"Huyu mtoto ni wangu," akaambia vijana. "Mnamjua. Mnajua pia mdomo yake, ni ya babake. Wewe, weka hiyo jiwe chini, mamako ananidai salamu." Halafu akanigeukia mimi, na hapo ndio niliogopa kweli. "Na wewe umekuja kwa watu na hiyo koti, bila kuniambia?"

"Senje, ilikuwa kazi ya ofisi."

"Kwani ofisi iko na nyumba hapa?"

Akaninyang'anya fimbo. Nilidhani ataivunja na goti. Lakini akatembea nayo mbele ya watu wote, akashuka mpaka mwisho wa ule mstari wa nyumba zake, akaisimamisha mlangoni pake mwenyewe.

"Anzeni na yangu," akasema. "Kama kuna ubaya kwa hii fimbo, ianze na mimi. Kama sio ubaya, mtapima za wengine."

Injinia alirudi kwa darubini. Nikaona midomo yake inasoma namba. Akasoma mara mbili, akaandika. Halafu tukapima mlango kwa mlango hadi jioni, na wale vijana ndio walikuwa wanabeba fimbo, wanabishana nani amesimama wima na nani ameinama.

Nilipoingiza hizo namba, kilima kikayeyuka. Nikaachilia maji tena. Sasa haikugawanyika. Ilikuja moja kwa moja, ikajaa pale kama maji kwa sufuria, na kwa mlango wa senje ikasimama juu ya kichwa chake. Lakini si kina ilinitisha. Ni muda. Tangu ukuta ipasuke mpaka maji iguse mlango, ni muda wa kupika ugali. Si ugali ya sherehe, ugali ya mtu mmoja.

Kwa siku kadhaa nilikuwa navunja tu hilo bwawa. Tundu jembamba, tundu pana, kufunguka haraka, kufunguka polepole. Kila mara senje anazama. Injinia alikuwa anapita nyuma ya kiti yangu, anasimama, anaenda. Siku moja akasimama hakuenda.

"Beta, mtoto wangu, wewe unabadilisha tundu. Tundu ni la Mungu. Ni kitu gani hapo ni ya binadamu?"

Nikafikiria. "Maji. Vile imejaa."

"Basi."

Nikaanza kushusha maji kabla ya kuvunja. Mita moja chini: senje anazama hadi shingo. Mita mbili: maji inafika kwa goti, lakini kwa ile kasi yake, goti inatosha kukuangusha na mtoto mgongoni. Mita tatu: ulimi ukashuka bonde, ukafika Kangemi umechoka, ukapita chini ya nyumba, ukaenda zake. Nilirudia hiyo ya mita tatu na kila aina ya tundu, hata lile baya kabisa. Milango yote ilibaki mikavu. Nililia kidogo, na sijali nani anajua.

Tukapeleka ripoti tao, kwa ofisi za hiyo kampuni, ghorofa ya juu yenye kioo kila mahali. Meneja wa mradi alikuwa mtu mpole, kijana wa suti ya bluu, anamwita Injinia "mzee wangu." Alisikiza yote. Akaangalia ramani mbili, ile ya maji imejaa na ile ya mita tatu chini.

"Mzee wangu, mita tatu," akasema. "Mimi nauza mtu nyumba kwa sababu ya maji. Ukitoa mita tatu sitakuwa na ziwa, nitakuwa na matope na vyura."

"Vyura ni mzuri," Injinia akasema.

"Si kuna njia nyingine? Hawa watu wako kwa mto. Kisheria hawafai kuwa hapo. Hii ramani yenu inaonyesha wazi. Si tuipeleke kwa wahusika watolewe, iwe imeisha?"

Nilisimama. Sikumbuki nikisimama, nakumbuka tu kiti ikianguka nyuma yangu.

"Mto ilikuwa hapo, na wao walikuwa hapo, kabla wewe ujue kuvaa tai," nikamwambia. "Ni maji yako. Ikitoka kwako ikaua mtu kwake, utasema ni yeye alikaa vibaya? Hata mbwa yako ikiuma mtu kwa barabara huwezi kuambia barabara ihame."

"Beta, kaa," Injinia akasema, bila kuinua sauti.

Nikaokota kiti nikakaa. Meneja alikuwa ananiangalia kama mtu anaangalia birika inataka kuchemka. Halafu akamgeukia Injinia, akamwomba kitu kidogo tu: atie sahihi ile ramani ya kwanza, ya setilaiti. Ile yenye kilima. "Si hiyo pia ni yenu? Si mlifanya nyinyi?"

"Ilikuwa ya makosa," Injinia akasema. "Mimi natia sahihi ya mita tatu, ama sitii."

Tulitoka. Tukashuka na lifti. Injinia aliniambia tu kwamba ana njaa, na akiwa na njaa yeye hula Kenyatta Market, kwa sababu daktari na bibi yake hawafiki huko. Tukakaa kwa benchi, moshi kwa macho, wasusi wa nywele upande wa pili wanaitana, mchinjaji anatukatia nyama kwa ubao na kachumbari kando.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Sasa watatafuta injinia mwingine."

"Na huyo atafanya nini?"

Akachukua kipande, akachovya kwa chumvi. "Atachukua setilaiti, kwa sababu ni ya bure. Atapata kilima. Hatakuwa mwongo hata. Hatajua tu."

Niliweka nyama chini. Nilimwambia basi mimi naweka kila kitu mtandaoni leo, ramani, jina la kampuni, sura ya huyo wa suti. Alitikisa kichwa. Akasema ripoti ni ya mteja, na yeye kwa miaka yake yote hajawahi kumwaga kazi ya mteja barabarani, hata ya mteja mbaya. Nilimkasirikia. Yeye, mtu ningepigana na mtu kwa sababu yake. Nilimwambia kama ni hivyo heshima yake itakuja kuzikwa na senje.

Alipangusa vidole moja moja na karatasi.

"Ripoti ni yao," akasema. "Lakini fimbo ilisimama kwa mlango wa senje yako, na alinishikia yeye mwenyewe. Ile fimbo ilisema kwa huo mlango ni yake. Mtu akikupimia nguo, si anakuambia kiuno yako?"

Jioni hiyo nilienda Kangemi. Senje alikuwa anachambua mrenda kwa ungo, na mpangaji wake wa juu, mama mchanga mwenye mtoto, alikuwa amekuja kumsaidia. Nilitaka kungoja huyo atoke. Senje akaona.

"Sema. Na yeye pia analala hapa."

Nikasema. Ukuta, maji, muda wa ugali. Huyo mama mchanga akavuta mtoto karibu. Senje aliendelea kuchambua, majani huku, vijiti kule.

"Hiyo ukuta inaweza kupasuka lini?"

"Sijui. Pengine isipasuke. Hakuna kompyuta inajua hiyo. Lakini ni ya zamani, imejaa mpaka juu, na mvua inakuja."

"Na wao wanajua?"

"Wanajua."

"Wanataka nini na maji yote?"

"Kuiangalia," nikasema. "Mtu akikunywa chai."

Akaacha kuchambua. Nilimwambia atoke, akuje akae kwangu mpaka tuone. Niliongea haraka, nikampangia hadi pahali ataweka kitanda. Aliningoja nimalize.

"Nikitoka mimi, nani atamwambia huyu?" Akaonyesha mama mchanga na kidevu. "Na wa kule? Nilishika fimbo mbele yao nikasema kama kuna ubaya ianze na mimi. Nikihama kesho itaonekana nilikuwa nimelipwa." Akaniangalia. "Hizo nyumba wanauza, mtu anaruhusiwa kwenda kuona?"

"Kuona nini?"

"Kuona tu. Kama mtu wa kununua."

Kila Jumamosi kulikuwa na siku ya kutembelea. Matangazo ilikuwa kwa barabara, hema nyeupe, juisi ya bure, karibuni nyote. Senje akaongea na chama yake, wale wamama wanaochangiana pesa. Nilifikiria watabeba mabango, nikawaambia nitawaandikia maneno. Wakanicheka. Walivaa zile nguo za harusi. Vitambaa vilifungwa, viatu vya kisigino vikabebwa kwa mfuko hadi getini. Askari aliangalia hao wamama zaidi ya ishirini, akaangalia karatasi yake, na karatasi ilisema karibuni nyote.

Niliingia nao, nimeambiwa nisifungue mdomo. Senje alinishika mkono kabisa kama mtoto.

Kwa nyumba ya maonyesho, kwa roshani, kulikuwa na msichana wa mauzo na wanunuzi wa kweli: bwana na bibi Wahindi na mama yao mzee, mwanaume mmoja na mke wake mja mzito, wengine wawili watatu. Maji ilikuwa hapo chini, imetulia, nzuri. Hata mimi niliona ni nzuri. Msichana alikuwa anaeleza vile asubuhi ukungu hukaa juu yake.

"Mwanangu," senje akamwambia, kwa sauti yake ya soko ile ya chini, ya mteja mzuri. "Hongera. Maji safi sana. Inashikwa na nini?"

"Iko na ukuta, mama. Ile pale yenye nyasi."

"Ni ya udongo?"

"Ni... ni ya asili, mama. Inaendana na mazingira."

"Aha. Na nyuma ya ukuta kuna nini?"

Msichana akatabasamu. "Ni bonde tu, mama. Msitu kidogo."

"Hapana," mama mwingine wa chama akasema, polepole, kama anasaidia. "Nyuma ya ukuta kuna mimi. Naishi hapo. Ukiinama hivi utaona mabati yangu."

"Na mimi," mwingine akasema.

"Yangu ni ile ya bluu."

Hawakuinua sauti. Mmoja mmoja walienda kwa reli ya roshani, wakanyoosha mkono, wakaonyesha nyumba zao vile mtu anaonyesha mgeni shamba. Wanunuzi wakaanza kuinama kuangalia. Senje akachukua glasi ya juisi kwa sinia.

"Nauliza kama mtu wa kununua," akasema. "Nikikaa hapa, nikikunywa chai, hiyo ukuta ikapasuka, mimi nitaendelea kukunywa ama nitainuka?"

Yule bibi mzee wa Kihindi ndiye aliuliza mwanawe kitu kwa lugha yao, na mwanawe akamuuliza msichana kwa Kiswahili kama kuna ripoti ya injinia. Msichana akasema atauliza ofisini. Mwanaume wa mke mja mzito akasema wao watarudi ripoti ikipatikana. Hakuna aliyepiga kelele. Mimi nilikuwa nimeuma ulimi mpaka nikaonja damu.

Jumamosi iliyofuata wakaenda tena. Juisi ilikuwa imepunguzwa. Jumamosi ya tatu hema haikuwekwa, na siku chache baadaye meneja wa suti ya bluu alipanda ngazi zetu za Hurlingham mwenyewe, amelowa mvua, akasema wanunuzi wanataka ripoti ya yule aliyepima milango ya wale wamama, akauliza Injinia kama ile ya mita tatu bado anaweza kuitia sahihi.

"Kalamu ninayo," Injinia akasema.

Valvu ya zamani ya kufungulia maji ya bwawa ilikuwa imeshikana kutu, haikufunguka hata na mtalimbo, ikabidi walaze mabomba meusi juu ya ukuta ya kuvuta maji taratibu. Mvua ilikuwa inarudisha kile mabomba inatoa. Wiki nzima ya kwanza maji haikushuka hata kiganja, na mimi nilikuwa napiga simu kwa askari wa pale asubuhi na jioni mpaka akaanza kushika simu akisema "bado" kabla nisalimie. Halafu mvua ikapumua, na siku moja akasema, "Naona visiki." Visiki vya kahawa, chini ya maji miaka yote hiyo.

Waliposhusha mita tatu nilivunja bwawa kwa kompyuta mara ya mwisho, na kipimo cha maji ile ya kweli, nikabeba kompyuta nikaenda nayo Kangemi. Senje akavaa miwani ya kusoma. Huyo mama mchanga akasimama nyuma yetu na mtoto. Nikaachilia. Bluu ikashuka bonde, ikafika kwetu, ikapita chini ya nyumba ya senje, karibu sana, ikasimama hapo kidogo kama mtu anasoma namba ya mlango, ikaenda.

"Hiyo ndiyo ikivunjika leo?" senje akauliza.

"Leo."

"Haijaingia."

"Haijaingia. Imechukua choo tu, hapo chini kwa mto."

"Choo ya nani?"

"Yetu."

Akavua miwani, akafikiria, akaangalia nje vile ardhi inapanda kuelekea kwa fundi wa viatu.

"Sasa choo inaharibu kazi yako yote," akasema. "Mtu anaweza kuwa ndani."

Kesho yake asubuhi, kabla aende sokoni, alikuwa ameshapata wa kuchimba nyingine juu.